Seva imesimama kwenye boot> baada ya umeme kukatika: uulize nini kwanza, uandike nini baadaye

Swali: Shikamoo fundi. Natunza kompyuta za chama chetu cha akiba na mikopo hapa Tanga, upande wa Ngamiani. Seva yetu inatumia mfumo endeshi wa OpenBSD. Aliyeifunga ni kijana aliyekuwa akitutunzia mitambo kabla hajahamia Dodoma, nami nimerithi kazi yake pamoja na daftari lake la nywila. Juzi usiku umeme ulikatika, ukarudi, kisha ukakatika tena baada ya muda mfupi. Asubuhi nilikuta skrini imeandika "booting hd0a:/bsd: open hd0a:/bsd: No such file or directory", ikafuata "failed(2). will try /bsd", kisha "Turning timeout off." na mwisho boot> peke yake. Nikibonyeza Enter, maneno ya kushindwa yanajirudia. Jamaa mmoja amenishauri niweke mfumo upya. Vitabu vyote vya wanachama vimo humo. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba. Usiweke mfumo upya, na yeyote atakayekuja na flashi ya kufungia mfumo mwambie asubiri. Maneno uliyonakili yanaeleza tatizo lenye mipaka: faili moja halionekani mahali linapotarajiwa kuwa. Vitabu vya wanachama havimo ndani ya faili hilo, na katika maneno hayo hakuna ishara yoyote kwamba vimeguswa. Kitakachovigusa ni huko kuweka mfumo upya, kwa sababu programu ya kufunga mfumo huanza kwa kugawa diski na kuandaa patisheni (vigawanyo vya diski) mpya juu ya zile za zamani.

Ili uone kwa nini nasema hivyo, fuata njia ambayo kompyuta hupita tangu kitufe cha kuwashia kibonyezwe. Programu ya kudumu iliyomo kwenye ubao mkuu, ambayo mafundi wengi huiita BIOS, husoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu. Ndani ya baiti hizo mna programu fupi inayotafuta patisheni ya OpenBSD na kupakia programu nyingine fupi, biosboot, ambayo kazi yake yote ni kulipata faili liitwalo /boot, yaani kipakiaji cha mfumo, na kuliingiza kwenye kumbukumbu. Katika mashine mpya zenye UEFI, iliyochukua nafasi ya BIOS, hatua hizo mbili za kwanza hazipo, kwa kuwa kipakiaji husomwa moja kwa moja kutoka patisheni ndogo ya EFI, lakini mwisho wa njia ni ule ule. Kipakiaji hiki kinaujua mfumo wa mafaili wa OpenBSD, kinaweza kuorodhesha saraka, na ndicho kinachoandika boot> kwenye skrini. Kisipoguswa husubiri sekunde 5, kisha hupakia /bsd, ambacho ndicho kiini cha mfumo, yaani programu kuu inayoendesha vifaa, kumbukumbu na programu nyingine zote.

Kwa hiyo kuliona neno boot> ni habari njema. Maana yake diski inasomeka, sekta ya kwanza ni nzima, patisheni imetambuliwa na kipakiaji kimefika kazini. Kingevunjika kitu katika hatua za mwanzo, usingefika hapo: ungeona, kwa mfano, ERR R, ambayo ni biosboot ikisema kwamba imeshindwa kusoma diski, au ERR M, ambayo ni biosboot ikisema kwamba ilichokisoma si kipakiaji halali. Na yale maneno "Turning timeout off." yaliyokutia wasiwasi yanasema tu kwamba kipakiaji kimejaribu mara kadhaa, kimeshindwa, kimeacha kuhesabu sekunde, na sasa kinamsubiri binadamu. Mashine haijaganda.

Namba iliyo ndani ya mabano ya failed ndiyo ya kuitazama kwa makini kuliko maneno mengine yote, kwa sababu ni namba ya kosa iliyo ya kawaida katika mifumo ya jamii ya Unix. Wewe umepata 2, yaani saraka imefunguliwa na kusomwa, lakini faili lililotafutwa halimo. Ungepata 5, hilo lingekuwa kosa la kusoma au kuandika kwenye kifaa chenyewe, na hapo ningekuambia uzime mashine mara moja na usiandike chochote kwenye diski hiyo mpaka iwe imenakiliwa. Namba 6 husema kwamba kifaa kilichotajwa hakipo, na mara nyingi hutokana na waya uliolegea au jina la diski lililokosewa. Namba 22 husema kwamba kilichopatikana hakikubaliki, kwa mfano patisheni isiyo na mfumo wa mafaili unaofahamika. Kati ya hizi zote, 2 ndiyo nyepesi kuitibu.

Sasa kwa nini /bsd itoweke? Siwezi kuona diski yako kutoka hapa, lakini yale unayoyaeleza kuhusu umeme yanaendana vizuri na jambo moja la OpenBSD ambalo wengi hawalijui. Tangu toleo la 6.2, lililotoka mwaka 2017, mfumo huu huunda kiini kipya kila unapowashwa: vipande vyake hupangwa upya kwa mpangilio wa kubahatisha, kisha faili jipya huwekwa mahali pa /bsd ili litumike safari ijayo. Hii ni hatua ya usalama, maana mvamizi hawezi kubashiri kitu gani kiko wapi ndani ya kumbukumbu. Kazi hiyo hufanyika kimyakimya nyuma ya pazia mara baada ya mashine kuwaka. Ni wakati huo huo ambapo umeme unaorudi na kukatika tena hufanya madhara makubwa kuliko umeme uliokatika moja kwa moja usiku kucha, kwa sababu mashine inakuwa katikati ya kuliandika upya faili inalolihitaji ili iwake.

Tuje kwenye mstari wa boot> wenyewe. Watu wengi hudhani ni mahali pa kutoa amri, wakati faida yake kubwa ni kwamba ni mahali pa kuuliza. Amri zake ni chache, na zile za kuuliza haziandiki chochote kwenye diski, kwa hiyo unaweza kuzitumia kwa utulivu bila kuhofia kuharibu kitu. Zingatia kwamba kibodi hapo hufuata mpangilio wa Kimarekani, kwamba herufi kubwa na ndogo si sawa, na kwamba hakuna msaada wa kukamilishiwa majina: kila herufi utaiandika mwenyewe. Anza na hizi tatu, moja baada ya nyingine, na upige picha ya skrini kwa simu baada ya kila moja:

set
machine diskinfo
ls hd0a:/

Amri ya kwanza huonyesha mipangilio ya sasa: kifaa kinachotumika, jina la kiini kinachotafutwa, na sekunde za kusubiri. Ya pili huorodhesha diski zote ambazo BIOS au UEFI imezitambua. Hapa majina huanza na hd kwa diski za kawaida, hd0, hd1 na kuendelea, hata kama mfumo ukishawaka utaziita sd0 au wd0. Usichanganye majina hayo mawili. Ukiona diski zaidi ya zile unazozijua, angalia nyuma ya seva kama kuna flashi au diski ya nje iliyosahauliwa, uichomoe, uwashe upya. Ukikuta jina linaloanza na sr, pengine mtangulizi wako aliifunga diski kwa usimbaji. Katika hali hiyo mfumo uko ndani ya sr0a, ikiwa imesimbwa utaulizwa nywila kabla ya kitu chochote, na daftari ulilorithi lina thamani kuliko ulivyodhani. Kila ninapoandika hd0a hapa chini, wewe utaandika sr0a.

Amri ya tatu ndiyo yenye jibu. Itakuorodheshea yaliyomo kwenye saraka kuu: ruhusa za faili, namba za mwenye mali na kundi lake, ukubwa kwa baiti, na jina. Unatafuta majina yanayoanza na bsd. Katika mfumo uliofungwa kwa kawaida kwenye mashine yenye vichakataji vingi (multi-core), unapaswa kuona bsd.booted, bsd.sp na bsd.rd pamoja na boot na saraka kama etc, usr na var. Linaweza pia kuwepo obsd, ambalo ni kiini cha zamani kilichohifadhiwa wakati wa kuweka kipya. Tazama ukubwa: kiini kamili kina zaidi ya baiti milioni 10, na faili lenye sifuri au maelfu machache ya baiti halifai hata likiwa na jina zuri. Faili la bsd.rd ni dogo kuliko mengine, na hiyo ni kawaida yake.

Faili la bsd.booted ndilo tumaini langu la kwanza kwako. Ni kiini kile kile ambacho mashine iliwakia mara ya mwisho, kikiwa kimewekwa kando kabla kipya hakijachukua nafasi yake. Kama lipo na ukubwa wake ni wa kuridhisha, andika:

boot hd0a:/bsd.booted -s

Jina la kiini linatangulia na herufi ya chaguo inafuata. Ile -s mwishoni inauambia mfumo uwake katika hali ya mtumiaji mmoja, yaani bila mtandao, bila hifadhidata, bila huduma yoyote, na saraka kuu ikiwa imefunguliwa kwa kusomwa tu. Nasisitiza herufi hiyo kwa sababu bila yake mfumo utaendelea hadi mwisho, utaanzisha huduma zote na kuanza tena kuunda kiini kipya, juu ya diski ambayo bado hujui hali yake. Kwanza tunataka kuingia na kukagua.

Kama bsd.booted halipo, tumia bsd.sp kwa namna ile ile. Hicho ni kiini cha mfumo kinachotumia kichakataji kimoja tu: mashine itakwenda polepole kidogo lakini kazi ya ukarabati itafanyika bila shida. Kama hata hicho hakipo, limebaki bsd.rd, ambalo lina mfumo mdogo mzima ndani yake na halitegemei kitu kingine chochote kwenye diski. Ukiliwasha kwa kuandika boot hd0a:/bsd.rd, litakuuliza swali lenye herufi nne za kuchagua. S inakupa ganda la amri, yaani mahali pa kuandika amri. U inasasisha mfumo, na katika kufanya hivyo inaweka kiini kipya bila kugusa saraka za watumiaji. I inafunga mfumo upya. Kati ya U na I ndipo vitabu vya wanachama wenu vinapobaki au kupotea, kwa hiyo soma herufi kabla ya kubonyeza Enter, na ukiwa na shaka chagua S.

Tuseme kiini kimewaka. Maandishi mengi yatapita, kisha utaulizwa jina la ganda la kutumia. Bonyeza Enter tu. Ukiombwa nywila ya root, yaani mtumiaji mkuu, kabla ya hapo, iko kwenye daftari. Sasa kagua mifumo ya mafaili:

fsck -p

Chaguo la -p hurekebisha yale makosa madogo ambayo ni salama kurekebishwa bila kuuliza, yale ambayo kukatika kwa umeme huacha nyuma siku zote: hesabu ya nafasi isiyolingana, faili lililofutwa nusu. Likikutana na kosa zito husimama na kukutaka uendeshe fsck kwa mkono kwenye patisheni husika. Hapo watu hukimbilia fsck -y, ambayo hujibu ndiyo kwa kila swali, na mimi sikubaliani na haraka hiyo pale penye kumbukumbu za fedha za watu. Endesha kwanza fsck -n kwenye patisheni hiyo, ambayo hutazama na kutoa ripoti bila kubadilisha kitu. Makosa yakiwa machache na yanahusu mafaili ya muda au kumbukumbu za matukio, endelea. Yakiwa mengi, tena kwenye patisheni yenye hifadhidata, simama, tafuta diski nyingine ya ukubwa sawa au zaidi, nakili patisheni nzima kwa amri ya dd, ndipo ukarabati uanze. fsck ikirekebisha, lengo lake ni kuufanya mfumo wa mafaili ulingane. Ikibidi itaondoa faili lililoharibika ili kufikia lengo hilo, bila kujua kwamba faili hilo ni daftari la mikopo ya wavuvi wa Sahare.

fsck ikimaliza kwa amani, fungua saraka kuu kwa kuandika, kisha uunganishe patisheni nyingine zilizomo kwenye fstab (faili lenye orodha ya patisheni za mfumo), isipokuwa zile za mtandao:

mount -uw /
mount -a -t nonfs

Kabla ya kutengeneza chochote, toa nakala ya vitabu. Hali hii ya mtumiaji mmoja ni wakati mzuri kuliko wote, kwa kuwa hakuna programu nyingine inayoandika, na nakala haitabadilika katikati ya kunakiliwa. Chomeka diski ya nje na usome maneno yatakayotokea kwenye skrini. Yatakuambia imepewa jina gani, pengine sd1. Amri ya disklabel sd1 itakuonyesha patisheni zake, na ile iliyoandaliwa kwa ajili ya Windows kwa kawaida huwa i. Ukishaiunganisha kwa mount /dev/sd1i /mnt, nakili saraka za data na ile ya /etc kwa amri ya tar, inayofunga saraka nzima katika faili moja. Angalia jambo moja: kama diski hiyo imeandaliwa kwa FAT32, faili moja haliwezi kuzidi gigabaiti 4, kwa hiyo funga kila saraka katika faili lake. Ukimaliza, andika umount /mnt, usubiri amri irudi, ndipo uchomoe.

Sasa tunarudisha kiini mahali pake. Angalia kwanza kwa df -h / kama saraka kuu ina nafasi, kwa sababu patisheni iliyojaa nayo hukwamisha uundaji wa kiini. Kisha:

cp /bsd.booted /bsd
chmod 700 /bsd
sha256 -h /var/db/kernel.SHA256 /bsd
ls -l /bsd*

Kama uliwashia bsd.sp, weka jina hilo badala ya bsd.booted. Mstari wa tatu usiuruke. OpenBSD huhifadhi alama ya utambulisho ya kiini chake, na kila inapowaka huilinganisha na faili lililopo kabla haijakubali kuunda jingine. Alama isipolingana, mashine itawaka lakini haitaunda kiini kipya tena, nawe utapata ujumbe wa kushindwa kila inapowaka bila kujua chanzo chake. Mstari wa nne ni wa kuthibitisha kwa macho kwamba ukubwa wa bsd ni sawa na ule wa faili ulilonakili.

Andika reboot. Safari hii usiguse kitu, acha sekunde 5 zipite zenyewe. Mashine ikiwaka hadi mwisho, iache itulie kwa dakika kadhaa ili imalize kuunda kiini kipya, kisha ufungue faili la relink.log, lililo ndani ya /usr/share/relink/kernel, katika saraka yenye jina la kiini chako, ambalo kwa mashine nyingi ni GENERIC.MP. Likieleza kwamba kazi imekamilika, seva yako imepona.

Nikiwa bado kwenye boot>, kuna mambo mengine ambayo mtu mwenye seva katika mji wetu huu wa pwani atakutana nayo mapema au baadaye. La kwanza ni kwamba kitufe chochote kikibonyezwa katika zile sekunde 5, hesabu husimama na mashine husubiri bila kikomo. Ukiikuta imesimama kwenye boot> bila neno lolote la kushindwa juu yake, tazama kibodi kabla ya kulaumu diski: mara nyingi kuna faili la karatasi lililoegemea juu yake, au kitufe kimenasa. Katika hali hiyo neno boot peke yake linatosha.

La pili ni hewa yetu. Unyevu wenye chumvi hula miguu ya waya za diski na ya vipande vya kumbukumbu, na ukipata namba 5 au 6 kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, zima mashine, toa waya wa umeme ukutani, chomoa na uchomeke tena waya za diski kabla hujaihukumu diski kuwa imekufa. Betri ndogo ya ubao mkuu nayo huisha, na ikiisha mipangilio ya BIOS hurudi ile ya kiwandani kila umeme unapokatika, pamoja na mpangilio wa diski ipi isomwe kwanza. Hilo unaweza kulipima hapo hapo kwenye boot> kwa kuandika time, amri inayoonyesha saa na tarehe ya mashine. Ukiona mwaka wa zamani sana, nunua betri ya CR2032, ambayo ndiyo inayotumika kwenye kompyuta nyingi, na baada ya kuibadilisha ingia kwenye mipangilio uirekebishe.

La tatu ni faili la /etc/boot.conf, ambalo kipakiaji hulisoma kabla ya kuonyesha boot>. Kwa seva ya ofisi napendekeza liwe na mstari mmoja, set timeout 15, kwa sababu skrini nyingi huchelewa kuwaka na sekunde 5 huisha kabla hujaona kitu. Ukilifungua ukakuta mstari wa set tty com0, fahamu kwamba mtangulizi wako aliyaelekeza maandishi kwenye mlango wa waya wa mfululizo, na skrini ya kawaida itakaa kimya ingawa mashine inafanya kazi. Kwenye kompyuta za kawaida zenye BIOS, faili hili ukilikosea unaweza kulipita kwa kushikilia kitufe cha Control wakati kipakiaji kinaanza. Halitasomwa, na hesabu ya sekunde itasimama.

La nne linahusu usalama, na kwa chama chenye fedha za watu nalitilia mkazo. Njia niliyokuonyesha ya -s inamwezesha yeyote aliye mbele ya kibodi kuingia kama root na kubadilisha nywila, bila kuijua ya zamani. Ndiyo njia halali ya kujiokoa unapoisahau, na ndiyo njia ya mwizi pia. Katika faili la /etc/ttys, mstari unaoanza na console una neno secure; ukiliondoa, hali ya mtumiaji mmoja itadai nywila ya root kwanza. Ushauri wangu ni uliondoe, kisha nywila iandikwe na kufungwa kwenye bahasha ikae kwa mwenyekiti, ili chama kisikwame siku wewe haupo. Hata hivyo neno hilo halimzuii anayekuja na flashi yake mwenyewe akawashia mfumo mwingine. Dhidi ya huyo kuna mlango wenye kufuli na usimbaji wa diski nzima, ambao ni rahisi kuuweka siku ya kufunga mfumo na ni kazi kubwa kuuongeza baadaye.

Kwa kuwa wewe ndiye fundi wa ofisi nzima, utakutana pia na mistari ya namna hii kwenye mifumo mingine, na mwenendo ni ule ule wa kuuliza kwanza. FreeBSD ina mstari unaoandika OK, unaoufikia kwa kutoka kwenye menyu ya kuwashia. Hapo lsdev huorodhesha diski, ls huorodhesha saraka, na kiini cha zamani kwa kawaida hukaa katika /boot/kernel.old, nacho hupakiwa kwa unload, kisha load /boot/kernel.old/kernel, kisha boot -s. Mashine nyingi za Linux hutumia kipakiaji kiitwacho GRUB. Ukiona grub>, amri ya ls itakuonyesha diski na patisheni, na uangalifu unaohitajika ni kwamba diski huhesabiwa kuanzia 0 wakati patisheni huhesabiwa kuanzia 1. Ukiona grub rescue>, GRUB imepoteza saraka yake yenyewe; itafute kwa ls patisheni moja baada ya nyingine, uielekeze kwa set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub, ukiweka namba ulizozikuta wewe, kisha insmod normal na normal.

Tukirudi Ngamiani, kuna hatua mbili za kuchukua wiki hii hii. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS na utafute sehemu inayoeleza mashine ifanye nini umeme unaporudi. Iweke ibaki imezimwa, ili iwashwe na mtu aliyekwisha kuona kwamba umeme umetulia. Na chama kinunue UPS yenye uwezo wa kuibeba seva hiyo peke yake kwa dakika zinazotosha kuizima kwa utaratibu, bila kuchomekewa printa ya laser, kwa kuwa inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na kuiangusha UPS ndogo.

Ukifanya ls hd0a:/ na usione hata moja kati ya bsd.booted, bsd.sp, obsd na bsd.rd, usijaribu majina ya kubahatisha. Nitumie picha za zile amri tatu za mwanzo, pamoja na namba ya toleo la OpenBSD kama imeandikwa kwenye daftari. Toleo hilo ndilo litakaloamua tutengeneze flashi ya aina gani ya kuwashia, na flashi hiyo itengenezwe kwenye kompyuta nyingine wakati seva ikiwa imezimwa.